Mchoro Chini ya Kochi

"Picha za makochi tumeziona, na ni nzuri," alisema mama wa ofisi ya udahili kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia maneno yale yale tangu asubuhi. "Michoro iko wapi?"

"Michoro gani, mama?"

"Michoro yako, binti. Ulivyoanza, ulivyofuta, ulivyobadili mawazo. Haya ni maombi ya shahada ya ubunifu, si tangazo la duka. Tunataka kazi moja tuione tangu ilipokuwa kichwani mwako. Na mtu anayeitumia aseme kwa maneno yake mwenyewe inamfaa vipi. Mwisho ni leo saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo mtambo unajifunga wenyewe, hata mimi siwezi kukufungulia."

Penseli alimshukuru, akakata simu, akajiachia juu ya gunia la sponji chakavu.

Msichana huyu alikuwa na jina zuri tu, ila lilibaki kwenye vyeti vya shule. Pale kwenye karakana ya makochi ya baba yake kila mtu alimwita Penseli, kwa sababu hukosi kuiona moja imechomekwa kwenye nywele zake. Na kuchora alichora, tena kila siku. Shida ni kwamba hakuchora kwenye karatasi. Alichora kwenye ubao wa plaiwudi, kwa ukubwa ule ule wa kochi lenyewe, halafu ubao ule ule ukaingia ndani ya kochi kuwa sakafu ya kikalio, ukafunikwa kitambaa cheusi kwa chini, kochi likauzwa. Baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Kochi la kwenye karatasi, mzee alikuwa akisema, halijawahi kukaliwa na mtu. Kwa hiyo michoro yote ya Penseli ilikuwa imesambaa kwenye sebule za watu, uso chini, na wenye sebule wamekaa juu yake wanaangalia televisheni.

"Si nilikwambia?" baba yake alisema kutoka kwenye kona yake, bila kuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa anakishona. "Ungeomba ile ya mapambo ya nyumba tu, ya chuo cha hapa karibu. Rangi, mapazia, basi. Jioni uko nyumbani unanisaidia."

"Fomu ni moja, baba. Vyuo vyote viwili vinaangalia mafaili hayo hayo. Bila michoro hata mapazia siyapati."

Mzee akaguna. Guno lile lilikuwa na mambo mengi ndani yake, na mojawapo ni kwamba hakuwa na mtu mwingine wa kumchorea.

Hapo ndipo palipokuwa na kitu kilichomnyima Penseli usingizi wiki nzima, kuliko hata michoro. Fomu ilitaka chaguo la kwanza na chaguo la pili. Ubunifu wa samani, kitu alichokiota tangu anasoma darasa la chini, ulifundishwa kwenye chuo kimoja tu, mwendo wa basi wa kutwa nzima, miaka minne. Mapambo ya nyumba yalifundishwa hapa hapa, unatembea kwa miguu. Na Penseli, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameweka mapambo ya nyumba kuwa chaguo la kwanza. Alijiambia ni kwa ajili ya baba. Mimi na wewe msomaji tusidanganyane. Haikuwa kwa ajili ya baba.

Ilikuwa kwa ajili ya yule kijana aliyesimama kwenye meza ya seremala, mrefu, mwembamba, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Walimwita Msumari, kwa sababu alifanya kazi na misumari mdomoni, na hata ukimsalimia anakujibu kwa nyusi. Penseli alichora, Msumari akakata mbao, mzee akavalisha kitambaa. Walikuwa wanapendana mwaka wa pili sasa, na jambo hilo lilijulikana na kila mtu pale isipokuwa mzee, ambaye alijifanya halijui.

"Msumari, umesikia?"

Akainua nyusi. Amesikia.

"Nahitaji kochi moja tu. Tuligeuze, tubandue kitambaa cha chini, nipige picha ya mchoro. Na mwenye kochi aseme maneno mawili."

Akatema misumari kiganjani. "Twende kwa daktari wa meno."

"Amehama."

"Yale ya hoteli?"

"Yale baba ndiye aliyeyapima. Langu kabisa, tangu mwanzo mpaka mwisho, ni lile la mama yako."

Msumari akarudisha misumari mdomoni. Penseli alimsogelea.

"Najua mama yako hanitaki," alisema kwa sauti ya chini, mzee asisikie. "Siendi kuomba kuolewa. Naenda kuomba kugeuza kochi."

Kijana alipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi. Akaipangusa tena. Kisha akachukua koleo na bisibisi, akatangulia mlangoni. Njia nzima hakusema neno, na Penseli, akiwa na saa ya simu mkononi inayozidi kusogea, alidhani ni aibu tu ya mtoto wa kiume kwa mama yake.

* * *

Mama yake Msumari alikuwa mwalimu mstaafu wa madarasa ya chini. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mtaa mzima uliwahi kufinywa sikio naye. Sebule yake ilikuwa ndogo, kila kitu mahali pake: kabati la vitabu lenye ufunguo, saa ya ukutani iliyotangulia makusudi ili mtu asichelewe, na chini ya dirisha, kochi la watu wawili lililofunikwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti wa fundi. Leo mmekuja wawili mchana kweupe. Mmeleta habari au mnataka kitu?"

"Tunataka kitu, mama," Penseli alisema, akaeleza yote kwa pumzi moja: chuo, michoro, saa kumi na moja. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, miwani imeteremka puani.

"Kwa hiyo unataka kulivua nguo kochi langu," alisema, "mbele yangu, na mimi nitoe hotuba."

Penseli alicheka bila kutaka. "Tutalivalisha tena, mama."

"Unajua kwa nini sipendi liguswe?" Mwalimu aliweka kiganja juu ya mkono wa kochi, akakiacha pale. "Huyu mwanangu nilimkatia tamaa, sikufichi. Mwalimu mzima, nimefundisha watoto wa watu wakawa wahandisi, wangu mwenyewe anaacha shule anakwenda kunusa gundi. Nilikuwa siwezi hata kumtazama. Halafu siku moja akaja na hili. Nikakaa. Nikashika hapa, nikasimama. Magoti haya, binti, nilikuwa nikishakaa nangoja mtu apite ndio aninyanyue. Siku hiyo nimesimama mwenyewe. Nikamuuliza, nani kakwambia mkono wa kochi uje mbele hivi? Nani kakwambia kikalio kiinuke? Akaniambia, 'Nilifikiria tu, mama. Nilikuwa nakuangalia.' Nililia."



Penseli alihisi masikio yanapata moto. Aliikumbuka siku ile vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Karakana ilikuwa tupu. Alikuwa amemwambia Msumari, "Kaa kwenye kigoda. Sasa simama kama mama yako anavyosimama." Msumari akasimama kwa kujivuta, mkono unatafuta kitu cha kushika mbele yake, na Penseli akaweka alama pale mkono ulipotua. "Tena." Akakaa, akasimama. "Tena." Mpaka kijana akalalamika kwamba sasa mgonjwa wa magoti ni yeye, wakacheka, na katika kucheka kule wakatazamana, na tangu siku ile hawakuweza tena kutazamana kama zamani. Mkono wa kochi alikuwa ameuchora mara tatu. Wa tatu ndio uliokubali.

Alimgeukia Msumari. Msumari alikuwa analitazama koleo.

Sema, Penseli alimwomba kimoyomoyo. Sema sasa, ni neno moja.

"Haya geuzeni," alisema Mwalimu. "Saa inakimbia."

Siku zote wawili hawa walinyanyua makochi bila kuhesabu. Mmoja akiinama, mwenzake ameshainama. Leo upande wa Penseli ulitangulia, upande wa Msumari ukachelewa, mguu wa kochi ukakwangua sakafu. Mwalimu akafyonza. Msumari akapiga magoti, akaanza kung'oa pini za kitambaa cheusi moja moja, na kila aliyoing'oa akaiweka mdomoni.

Kitambaa kilipoachia, mchoro ulikuwepo, mzima, mistari ya penseli haijafutika hata kidogo. Kochi kwa ubavu. Kochi kwa mbele. Mkono uliochorwa mara tatu, miwili imekatwa kwa mstari. Goti la mtu, na mstari kutoka kwenye goti kwenda kwenye kiganja, na vipimo vimejaa pembeni. Penseli alisahau hasira kwa kitambo. Alitoa simu, akapiga picha, akapiga tena.

Mwalimu naye aliinama kadiri magoti yalivyomruhusu, akapandisha miwani.

"Hii saba si yako," alisema.

Msumari alijifanya anatafuta kitu sakafuni.

"Nasema na wewe, baba. Kuandika nimekufundisha mimi, kwenye meza ile pale. Saba yako inalala kama imelewa. Hii imesimama, ina mkanda kiunoni. Nani kaandika?"

Msumari alikuwa na pini mdomoni. Mama yake akangoja, maana kungoja mtoto ajibu ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Kijana alizitoa pini taratibu, akazihesabu hesabu kiganjani kama anatafuta iliyopotea.

"Huyu," alisema mwisho, bila kumtazama mtu. "Alinisaidia kuandika vipimo."

Penseli alishusha simu. Aliiweka juu ya kabati la vitabu, polepole, asije akaitupa, akatoka nje kwa mlango wa nyuma.

* * *

Nyuma ya nyumba palikuwa na ngazi mbili za saruji na kamba ya nguo. Penseli alisimama baina ya mashuka mawili ili asionekane analia, na Msumari akasimama upande wa pili wa shuka, hajui aingie au asiingie.

"Sema tena nisikie," Penseli alisema. "Nilikusaidia?"

"Nisamehe."

"Sikukuuliza hilo. Nilikusaidia nini? Kushika futi? Kukuchongea penseli?"

"Ulitaka nimwambie nini siku ile?" Sauti ya Msumari ilikwaruza, kama sauti isiyotumika mara kwa mara. "Alinitazama. Huwezi kujua, wewe baba yako anakutazama kila siku. Mimi mama yangu alikuwa ananipita kama kiti. Siku ile akalia, akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, 'Kumbe una akili.' Nikashindwa kumwambia si zangu. Nikasema nitamwambia kesho."

"Na kesho?"

"Kesho yake alikuwa bado ananitazama."

Penseli alilivuta shuka pembeni ili amwone. Alimwona, na moyo ukamsaliti, ukamhurumia. Ndiyo maana akazidi kukasirika.

"Miaka miwili nakuja kwenye nyumba hii," alisema. "Ananiita binti wa fundi. Ananipa chai kwenye kikombe cha wageni. Mimi narudi nyumbani nalia, najiuliza nimekosa nini, kumbe kitu ambacho kingemfanya anipende amekikalia, na wewe umekaa pembeni yake unakunywa chai!"

"Najua."

"Hujui. Unajua nimejaza nini chaguo la kwanza?"

"Samani. Si ndiyo ndoto yako?"

"Mapambo. Hapa hapa. Mapazia, Msumari."

Msumari alitoa macho. "Mapazia? Wewe hata la kwenu limeshikwa na pini ya nguo! Kwa nini?"

"Uliza tena. Uliza polepole."

Akaelewa. Penseli aliona kabisa alivyoelewa, kuanzia machoni mpaka mabegani. Kijana akakaa kwenye ngazi ya saruji, akaweka uso mikononi.

"Sikukwambia ubaki," alisema kutoka huko.

"Hukuniambia kitu! Mwezi mzima nakuzungushia maneno, nakuuliza, basi la asubuhi linatoka saa ngapi, nakuuliza, huko mbali kuna baridi eti? Wewe unanijibu kwa nyusi!"

"Ningekwambia nenda, ungeona sikupendi. Ningekwambia baki, ningekuwa nimekuibia mara ya pili." Aliinua uso, na macho yalikuwa mekundu. "Nakupenda. Nakupenda mpaka naogopa wiki ikiisha, kwa sababu najua barua ya chuo inakaribia. Naogopa utakwenda huko ukutane na watu wanaojua kuzungumza. Utarudi uniangalie uone fundi tu. Haya, nimesema. Hata kama umechelewa kuyasikia."

Penseli alitamani kukaa pale kwenye ngazi, bega kwa bega naye, mambo yaishe. Maneno hayo alikuwa ameyangoja mno. Lakini mle ndani kulikuwa na kochi limelala miguu juu, na chini yake kazi yake, na sifa zake amepewa mtu mwingine.

"Mimi pia naogopa," alisema. "Naogopa nisipokwenda nitakuchukia. Taratibu tu, kila nikipima dirisha la mtu. Lakini hilo si la leo. Leo chuo kinataka mtu wa kusema hili kochi linamfaa vipi na ni la nani. Atasema ni lako. Na mimi sitamwambia mama yako kwamba mwanawe ni mwongo. Sitamwambia hata nikikosa chuo."

Saa ya ukutani ilisikika ikigonga saa kumi na nusu mle ndani. Hata ukiondoa kutangulia kwake, saa kumi ilikuwa imepita.

Msumari alisimama. Alifungua kiganja, na zile pini bado zilikuwemo, zimemwachia alama. Akazimimina juu ya ngazi, akaingia ndani.

Penseli alibaki ameshika shuka la watu. Dirisha la sebule lilikuwa wazi.

"Mama."

"Naam."

"Kochi si langu. Kwa maana ya... akili si yangu. Mkono kuja mbele, kikalio kuinuka, ni yeye. Yote ni yeye. Mimi nilikata mbao."

Kiti cha mezani kilisikika kikivutwa.

"Kwa hiyo miaka miwili," sauti ya Mwalimu ilisema, "nimekuvika kilemba cha ukoka. Mbele ya shangazi zako. Mbele ya mchungaji na mke wake."

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa unakivaa."

"Nilikuwa nakivaa."

"Na huyu mtoto anaingia humu kila wiki ananiamkia, namjibu kwa pua."

Nje, Penseli aliliachia shuka, akasogea ngazini.

"Mwite," alisema Mwalimu. "Na wewe katafute pa kusimama, usinizibie mwanga."

* * *

Penseli aliingia akakaa kwenye kigoda, kwa kuwa kochi lilikuwa bado limelala. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha mezani, mgongo umenyooka, macho yanang'aa kwa kitu ambacho hakutaka kukitoa mbele za watu.

"Ulijuaje magoti yangu? Wakati ule hata hujawahi kuniona."

"Alinionyesha yeye, mama. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamwambia asimame kama wewe. Mara nyingi sana, mpaka mgongo ukamuuma. Anajua unavyoshusha mguu wa kushoto kwanza. Anajua unavyoshika hewa." Ukweli ulikuwa ukweli, hata leo. "Kwamba alikuwa anakuangalia, hilo hakudanganya."

Mwalimu alimtupia jicho mwanawe aliyesimama karibu na mlango. Halikuwa jicho la upole, lakini halikumpita.

"Nipe karatasi," alisema.

"Unaweza kusema tu, mama, mimi nitaandika kwenye simu."

"Mimi siandikiwi."

Akaandika kwa kalamu ya wino, mwandiko wa ubaoni, kila herufi imekaa kwenye mstari wake, huku Penseli akiitazama saa na kujizuia asitikise goti. Alipomaliza, akaisoma kwa sauti kama anavyosomea darasa.

"'Mimi ni mwalimu mstaafu. Magoti yangu ni mabovu. Zamani nilikuwa nikikaa, nabaki nimekaa mpaka mtu apite njiani nimwite. Sasa nikitaka kusimama, nasimama. Kochi hili limebuniwa na binti ambaye hakuwa amewahi kuniona, na bado alijua mkono wangu utatua wapi. Limechongwa na mwanangu. Nimeandika mwenyewe.'" Akaikunja kidogo, akaikunjua. "Inatosha?"

Penseli aliitikia kwa kichwa kwamba inatosha. Alipiga picha ile karatasi mara tatu kwa sababu machozi yalimchezea kioo cha simu.

"Na huko unakoomba, umeweka wapi kwanza?"

"Hapa karibu, mama. Mapambo ya nyumba."

"Unayapenda?"

"Hapana."

Mwalimu alivua miwani. "Mimi ndiye niliyemwambia huyu asimngoje mtu anayeondoka. Nimesema kwa mdomo huu, na maneno yangu sijayameza. Miaka minne ni mingi, na nyinyi ni vijana, sitaki kukudanganya kwamba naona mwisho wake. Lakini usiniweke mimi kwenye fomu yako, binti. Na huyu usimweke. Na baba yako, mheshimu, lakini atakayekwenda kusoma si yeye."

Penseli alifungua fomu kwenye simu. Chaguo la kwanza. Kidole kilikuwa juu ya kioo, kinasita. Alimwona baba yake kwenye kona yake, amekaa na kitambaa, hana mtu wa kumchorea. Aliiona meza ya seremala. Aliliona lile basi la asubuhi na dirisha lake, na mtu aliyebaki chini anazidi kuwa mdogo.

"Weka samani," Msumari alisema kutoka mlangoni.

"Sikukuuliza."

"Najua. Nimeshaanza kusema, sasa kunyamaza kunanishinda."

Penseli nusura acheke. Hakumtazama. Alibonyeza samani, ikapanda juu, mapambo yakashuka. Alisoma mara moja, akasoma mara ya pili, kisha akabonyeza tuma kabla ujasiri haujamtoka.

Kiduara kikaanza kuzunguka.

Picha zilikuwa nzito, mtandao ulikuwa unatambaa. Kikazunguka. Mwalimu akauliza kama kimekwama. Penseli akasema hapana, akaisogeza simu dirishani. Kikasimama. Msumari akaja, akasimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, hakumgusa. Kikazunguka tena. Saa ya ukutani ikagonga saa kumi na moja, na Penseli akashtuka kama aliyechapwa.

"Hiyo inatangulia," Mwalimu alisema haraka. "Niliitanguliza mwenyewe, inatangulia sana."

Neno lilipokuja lilikuja kimya kimya, herufi za kijani: maombi yako yamepokelewa.

Hakuna aliyeshangilia. Penseli aliegemea ukuta akaachia pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu alfajiri, halafu hofu nyingine ikaja kukaa pale pale pa zamani. Wanaweza kumkataa. Wanaweza kumkubali. Na jioni hii, kabla mzee hajafunga karakana, itabidi amwambie kwa mdomo wake kwamba mapazia yamekuwa ya pili.

Msumari aliokota kitambaa cheusi, akatafuta pini.

"Liache wazi," alisema mama yake. "Ligeuzeni tu."

Wakainama pande mbili za kochi. Macho yakakutana juu ya miguu minne iliyotazama dari.

"Bado nina hasira na wewe," Penseli alisema.

"Najua."

"Haitaisha leo."

"Usiiharakishe. Nipo."

Hawakuhesabu. Kochi lilipanda, likageuka hewani, likatua bila kukwangua sakafu. Mwalimu akarudisha vitambaa vyake vyeupe kimoja kimoja, akakaa, akavuta pumzi. Penseli alichomeka penseli kwenye nywele, akachukua simu yake.

"Asante, mama. Acha nimuwahi baba."

"Ngoja nikusindikize."

Kwa miaka miwili Mwalimu hakuwa amemsindikiza hata mpaka mlangoni. Msumari alimnyooshea mama yake mkono ili amvute, na mama akaupiga kofi dogo, ukarudi. Alishusha mguu wa kushoto kwanza. Kiganja kikaenda mbele, hakikutafuta, kikatua pale pale kilipochorewa.

"Twende, mwanangu," alimwambia Penseli, akiwa ameshasimama.